Siku moja ya mhujaji uwandani: Carrión hadi Terradillos

Ukitaja hija ya kwenda kwa miguu hadi Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, watu huona milima ya Pyrenees iliyo mpakani na Ufaransa na misa za jioni. Uwanda wa ngano ulio katikati ya Hispania, Meseta, wengi huuruka kwa basi kwa madai kwamba hauna cha kutazama. Kwenye njia ya karibu kilomita 780 kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, mji wa Ufaransa inakoanzia, miguu mingi huharibikia hapa kwenye tambarare, si kwenye mlima. Siku ninayoieleza hapa ni ya Julai, kutoka Carrión de los Condes hadi Terradillos de los Templarios, kilomita 26 hivi.

Saa kumi na moja alfajiri. Kwenye bweni la wahujaji hakosekani mtu wa mifuko ya nailoni. Anaifungua na kuifunga mmoja mmoja, tochi ya kichwani ikiwamulika wote waliolala. Mkoba hupangwa usiku: begi la kulalia chini, nguo katikati, koti na chakula juu. Alfajiri unaubeba ulivyo na kumalizia ukumbini. Uzito usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako, kabla ya maji. Mafuta ya mgando katikati ya vidole na kisiginoni, soksi nyembamba ndani, ya sufu juu, bila kunjo hata moja. Kamba za viatu zikaze juu ya wayo lakini zilegee kifundoni. Sababu yake utaiona huko njiani.

Saa kumi na moja na nusu. Uwanda uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata Julai unaanza na koti. Beba lita 2 za maji, 3 kukiwa na joto kali. Kuanzia hapa hadi Calzadilla de la Cueza ni kilomita 17 bila kijiji, bila duka, bila bomba la kutegemea. Msimu ukichangamka huenda ukakuta kibanda cha vinywaji njiani, lakini usikipigie hesabu. Unavuka mto, unapita San Zoilo, monasteri iliyogeuzwa hoteli, na kufuata mishale ya manjano. Mishale hiyo ilianza kuchorwa miaka ya 1980 na Elías Valiña, padri wa O Cebreiro. Gizani huonekana kwa shida, kwa hiyo nenda taratibu mpaka utoke mjini.

Saa moja asubuhi. Lami imeisha na jua limechomoza mgongoni. Sasa ni changarawe.

Barabara hii imenyooka kwa sababu ni ya Warumi: ilipita hapa ikiunganisha Bordeaux na Astorga, na mawe yake yalisombwa kutoka mbali kwa kuwa ardhi ya huku ni udongo mtupu. Kulia ni ngano, kushoto ni ngano, au mabua yake ikiwa mashine za kuvuna zimeshapita. Miti ni michache. Mlimani, kupanda kunatumia misuli mingine na kushuka mingine, mguu unapokezana kazi. Hapa hatua ni ileile maelfu kwa maelfu, kwa pembe ileile, juu ya vijiwe vinavyochoma wayo ule ule mahali palepale. Wayo hupata joto, mguu huvimba, kiatu kilichokutosha alfajiri kinabana. Na kwa kuwa njia haina kikwazo, watu hurefusha hatua bila kujua, na kano ya mbele ya ugoko ndiyo inayolipa. Kamba iliyokazwa kifundoni huibana kano hiyo hiyo.

Dawa yake ni ratiba. Kila baada ya saa moja unakaa chini, uwe umechoka au hujachoka. Vua viatu na soksi, kausha miguu kwa upepo, vaa soksi za pili, na zile mbichi uzibane nje ya mkoba kwa pini. Ukihisi joto sehemu moja ya mguu, simama palepale ubandike plasta. Wengi husema watafanya hivyo kwenye mti unaofuata, na mti unaofuata uko kilomita tatu mbele. Kufika pale ni lengelenge tayari. Maji ni mafunda machache kila robo saa, na kitu chenye chumvi. Unaelekea magharibi, kwa hiyo jua likishapanda litakuchoma upande wa kushoto: sikio, shingo, shavu la mguu. Paka dawa ya jua huko kwanza.

Halafu kuna macho. Calzadilla imejificha bondeni na haionekani mpaka uwe karibu kuikanyaga. Anayeitafuta kwa macho huchoka akili kabla ya miguu. Tumia saa ya mkononi: mwendo wa kawaida ni kilomita 4 na nusu kwa saa, ongeza muda wa mapumziko, basi. Ukianza saa kumi na moja na nusu, utafika kama saa nne. Kabla ya hapo hakuna haja ya kuinua shingo.

Calzadilla: jaza maji, kula, gonga muhuri kwenye hati ya mhujaji. Nusu saa inatosha, ukizidisha nyayo zinapoa na kugoma. Kilomita 6 hadi Ledigos zinafuata barabara ya magari ya N-120. Nyingine 3 na umefika Terradillos, kwenye nyumba zake za udongo na majani makavu. Wasio na mawe hujenga kwa walicho nacho, na hujenga vizuri.

Ni karibu saa saba mchana, ila usidanganyike kwamba jua limemaliza kupanda. Kwa saa za kiangazi za Hispania linafika utosini baada ya saa nane, na joto hukolea jioni. Anayefika saa kumi hupikwa.

Kitanda, kuoga, kufua mara moja ili nguo zikauke, kulala. Kisha miguu. Lengelenge lenye maji hutobolewa pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, linakamuliwa, ngozi inaachwa ilivyo, linafunikwa. Wanaopitisha uzi na kuuacha ndani wanaalika vijidudu. Ugoko ni jambo jingine: ukivimba, na ukahisi mkwaruzo chini ya kidole cha mkono ukiugusa huku unakunja kifundo, hilo halitembelewi likapona. Sahagún iko kilomita 13, ina duka la dawa na kituo cha treni. Ishia hapo kesho, na keshokutwa usitembee.