Kuhamia Iyunga: mita, hita na kuta kwanza, makochi baadaye

Baadhi ya apatimenti zinazotangazwa kuwa mpya hapa Iyunga, Mbeya, ni majengo ya zamani yaliyopakwa rangi. Reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, stesheni ya Mbeya ikawa huku, na maghala na viwanda vikajipanga kati ya reli na barabara kuu iendayo Tunduma. Vipo ambavyo bado vinatoa bia na soda. Vingine vilifungwa, na ofisi au nyumba za wafanyakazi wake zikakatwa vyumba, zikawekwa vigae na kupangishwa. Nimepanga kwenye jengo la namna hiyo, na huu ndio mpangilio niliofuata. Nasisitiza mpangilio kwa sababu ukishaingiza makochi na makabati, kuchimba ukuta au kupitisha waya mpya kunakuwa kazi mara mbili.

Nilianza na mita, kabla ya kusaini mkataba. Nilimwomba mwenye nyumba ninunue LUKU ya shilingi 5,000 nikaisoma risiti. Mita ikiwa D1 (kundi la bei la matumizi madogo ya nyumbani), yuniti moja pamoja na makato ni kama shilingi 122. Ikiwa T1 (kundi la matumizi ya kawaida), ni kama 356. Ukiwa ununuzi wa kwanza wa mwezi, kodi ya jengo hukatwa hapo hapo: tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kwa hiyo 5,000 kwenye nyumba ya kawaida hubaki 3,500, nayo hutoa yuniti 28 hivi za D1 au 9 hivi za T1. Ukipata pungufu ya hapo, uliza kama mita ina deni la zamani. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, hata kama mpangaji ndiye anayenunua umeme. Andikeni kwenye mkataba kwamba itarudishwa kupitia kodi ya pango.

Kisha zima kila kitu ndani na utazame taa ndogo ya mita. Ikiendelea kupepesa, kuna jirani anakula umeme wako, au waya unavuja mahali. Jengo lililogawanywa huwa na nyaya zilizovuka ukuta bila mtu kuzikata.

Sasa hita ya kuogea. Mbeya iko juu ya mita 1,700, na Juni na Julai maji ya bomba hayaogeki alfajiri, kwa hiyo karibu kila apatimenti imefungwa hita ya papo kwa papo. Nyingi ni za wati 5,500. Kwa volti 230 hiyo ni ampea 24, mzigo unaotaka waya wa milimita 4 za mraba wa peke yake kutoka kwenye meni swichi, breka ya ampea 32, na ethi (waya wa usalama uendao ardhini) ya kweli. Mara nyingi utakuta imeungwa kwenye waya wa 2.5 wa soketi. Itafanya kazi, ila waya utapata moto ndani ya bomba la plastiki, maungio yatalegea, na dalili ya kwanza ni harufu ya plastiki au taa zinazofifia mtu akioga. Mwambie fundi afungue kifuniko uone unene wa waya na kama ule wa kijani na njano umefungwa mahali pake. Hita isiyo na ethi usiitumie hata siku moja.

Wengi hulalamika kwamba hita haichemshi. Tatizo huwa ni wingi wa maji. Maji yakiingia na nyuzi 15 na ukitaka yatoke na 38, wati 5,500 zinaweza kupasha lita 3.4 tu kwa dakika. Pima kwa ndoo: lita 10 zichukue takribani dakika tatu. Zikijaa kwa dakika moja na nusu, punguza koki. Kinyume chake pia kipo: tanki likiwa juu kidogo tu ya shawa, msukumo hautoshi kuwasha swichi ya ndani. Mimi nisingekubali chini ya mita mbili kati ya sakafu ya tanki na shawa. Hita ikiwa mpya, au maji yalikuwa yamekatika, fungua maji kwanza yatiririke bila hewa, ndipo uwashe. Elementi, yaani koili inayopasha maji, ikiwaka kavu inakatika papo hapo. Mchanga nao huziba chujio la pale maji yanapoingilia kwenye hita, lioshe mara kwa mara.

Dakika kumi za kuoga hula yuniti 0.9. Watu wanne kila siku ni yuniti 110 kwa mwezi, wakati D1 ina kikomo cha yuniti 75. Ndoo ya lita 15 ya maji ya vuguvugu hula yuniti 0.4 tu, ndiyo maana siku za kawaida ndoo bado inaheshimika nyumbani kwangu.

Kuhusu jiko la mkaa chumbani usiku: hapana. Gesi yake ya sumu haina harufu, na madirisha ya aluminiamu yanafunga barabara kuliko yale ya mbao ya zamani. Blanketi zito na pazia lenye kitambaa cha ndani vinatosha.

Unyevu ndio ulionipa kazi kubwa. Kabla hujaita fundi rangi, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Maji yakionekana nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni mvuke wa chumba. Dawa zake ni tofauti kabisa. Unyevu wa ukutani hupanda kutoka kwenye msingi usiowekwa nailoni ya kuzuia maji. Anzia nje: shusha udongo hadi sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, na maji ya paa yapelekwe mbali. Ndani, banja plasta mpaka juu kidogo ya alama ya unyevu, uache ukuta ukauke, kisha piga plasta ya saruji 1 kwa mchanga 4 yenye dawa ya kuzuia maji. Skimu ya jipsamu, ile lipu laini ya juu, usiirudishe chini huko. Inanyonya maji na kuvimba. Unga mweupe unaotoka ni chumvi: usugue kwa brashi kavu, kwa sababu ukiuosha unaurudisha ndani. Kama tatizo ni mvuke, fungua madirisha saa sita mchana, siyo jioni, na kabati likae sentimita 10 kutoka ukutani.

Jengo la enzi ya viwanda linaweza kuwa na paa la asbesto, yale mabati mazito ya kijivu yanayofanana na saruji. Usilitoboe kufunga dishi wala kulisugua kuvu likiwa kavu. Vumbi lake linaumiza mapafu. Udongo wenye mafuta ya zamani nao usiupande mchicha, tumia viroba vyenye udongo wa kutoka kwingine.

Samani nilinunua mwisho, kwa mafundi wa Mwanjelwa. Paini ya Sao Hill ni nafuu na inapatikana, lakini uliza imekaushwa muda gani. Iliyo mbichi ni nzito, ina madoa ya bluu, na milango ya kabati itapinda ikifika Agosti, hewa inapokauka.