Siku yangu moja kwenye dirisha la dawa, baada ya kumeza promethazini

Saa 12 asubuhi. Naamka ulimi umenata kwenye kaakaa na kichwa ni kizito, ingawa nimelala fofofo tangu saa 5 usiku. Jana mabaka ya mzio yalinitoka mikononi na kiunoni, mwasho ukanizidi, nikameza kidonge kimoja cha promethazini cha miligramu 25. Nilijikagua kwanza: midomo na ulimi havikuwa vimevimba na pumzi ilikuwa ikipita vizuri, maana kama koo lingekuwa linabana, dawa ya kukimbilia ni sindano ya adrenalini, wala si kidonge cha aina yoyote.

Mimi ni mfamasia. Maneno "usiendeshe chombo cha moto" nimeyaandika kwenye bahasha za dawa hata mkono unayajua wenyewe, na leo yananihusu mimi. Mwili wa mtu mzima huchukua kama saa 10, mara nyingi zaidi, kupunguza nusu tu ya promethazini iliyomo katika damu. Kwa hiyo itakapofika saa 3, nikiwa nimesimama dirishani, karibu nusu ya dawa ya jana bado nitakuwa nayo. Funguo za gari naziacha mezani.

Saa 2. Namweleza mwenzangu wa zamu nilichokimeza na kumwomba ahakiki kila dawa nitakayoitoa. Ananiuliza ninajisikiaje, namjibu kwamba mimi ni mzima. "Wanaojiona wazima ndio wa kuchungwa," ananiambia, na hakuwa akitania. Mwaka 2000 watafiti wa Iowa, Marekani, walichapisha jaribio lililofanywa kwa mtambo wa kuigiza udereva, ambamo watu waliopewa difenhidramini, dawa ya mzio ya kundi hilihili la zamani la kuzuia histamini, waliendesha vibaya kuliko walipokunywa pombe, na usingizi waliosema wanausikia haukuwa kipimo kizuri cha namna walivyoendesha. Histamini, ambayo kwenye ngozi huleta mwasho, ndani ya ubongo ni mojawapo ya vitu vinavyotuweka macho, na dawa hizi za zamani hupenya hadi ubongoni na kuizuia hukohuko.

Saa 4. Dereva wa lori, macho mekundu na chafya zisizokoma, anaomba klorofeniramini, nayo ni ya kundi hilo la zamani, kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Namuuliza atashika usukani saa ngapi. "Sasa hivi, dada, nikitoka hapa." Namshauri atumie loratadini, kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku, ambayo kwa watu wengi haileti usingizi, na namwomba asichanganye na kile cha zamani alichobaki nacho mfukoni. Anacheka, kisha anakitoa na kunikabidhi.

Saa 5 na nusu. Mama mmoja amembeba mtoto wa miezi 14 na anataka promethazini ya maji, si kwa mzio, bali kwa sababu mtoto halali usiku na jirani alimwambia kwamba inasaidia. Hapa huwa sibishani kwa haraka, nasogeza kiti. Promethazini haipewi mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kudhoofisha upumuaji wake hadi kumuua. Tena wapo watoto ambao dawa hizi huwageuka, badala ya kulala wakahangaika usiku kucha. Tunazungumza juu ya homa, masikio na pua iliyoziba, na inaonekana tatizo linaweza kuwa sikio, kwa sababu mtoto anapiga mayowe kila anapolazwa chali. Namwandikia aende kwa daktari leo hii. Sikumuuzia kitu, na sioni hasara.

Saa 8 mchana ndipo ninapokosea. Cheti ni cha mtoto wa miaka 4, klorofeniramini ya maji yenye miligramu 2 katika kila mililita 5, na dozi yake ni miligramu 1. Naandika kwenye lebo "mililita 5". Mwenzangu anaichukua chupa, anaisoma, anairudisha mbele yangu bila neno na kidole chake kimesimama juu ya ile tarakimu. Ilipaswa kuwa mililita 2.5. Sikuwa nasinzia, wala sikuwa nimepiga mwayo hata mmoja tangu asubuhi. Naandika lebo mpya, naweka alama ya wino kwenye bomba la kupimia ili mzazi asitumie kijiko cha jikoni, na kuanzia hapo nahamia kupanga rafu, kuandika lebo namwachia yeye.

Saa 10. Mzee mmoja anakuja na mfuko wa dawa zake, kwa kuwa tangu juzi anayumba akiamka usiku. Ninazimwaga mezani: vidonge vya mafua, klorofeniramini ya peke yake, na dawa ya usingizi aliyoandikiwa zamani. Vile vya mafua navyo vina klorofeniramini ndani, imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa boksi, kwa hiyo amekuwa akimeza dozi mbili akidhani ni dawa mbili, na juu yake anaweka ya usingizi. Namuuliza kwa sauti ya chini kuhusu mkojo. Anasema siku hizi anasimama muda mrefu na unatoka kidogokidogo. Tezi dume yake imevimba, na dawa hizi hudhoofisha msuli wa kibofu unaosukuma mkojo kwenye njia ambayo tayari imebanwa. Klorofeniramini na ile ya mafua tunazitoa mfukoni. Ya usingizi nampigia simu daktari wake, kwa sababu aliyeizoea kwa muda mrefu hakatishwi ghafla.

Saa 3 usiku. Mabaka mawili yamerudi kwenye kiwiko. Safari hii nameza setirizini, miligramu 10, ambayo ni nyepesi lakini wapo inaowasinzisha, nami bado sijajua kama ni mmoja wao. Promethazini iliyobaki naipandisha rafu ya juu. Funguo ziko palepale mezani, na za kesho nitaamua kesho.