Jina nyuma ya namba

Tangu mkimbiaji wetu Simbu atwae dhahabu ya marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, mwanangu haendi dukani kwa kutembea. Anataka nimwandikishe zile kilomita 5 za Kilimanjaro Marathoni. Juzi alikuwa anatafuta pini kwenye droo yangu, akaibuka na namba ya kifuani niliyokimbilia mwaka 2012, imekunjwa mara nne, pini mbili zimeganda kutu pembeni. Akaigeuza.

“Mama, mbona huku nyuma umemwandika Mama Mkubwa?”

Nikamwambia achukue pini, tutaongea.

Kilimanjaro Marathoni inaanzia Moshi, pale uwanja wa Ushirika, dakika 10 kwa miguu kutoka nilikokuwa nimepanga. Ilipoanza 2003 nilikuwa kando ya barabara napiga makofi, na miaka yote iliyofuata vilevile. Kilichoniingiza barabarani ni hasira. Miezi saba nilikuwa sisemeshani na dada yangu. Kihamba cha baba, shamba letu la ukoo, kilikwenda kwa kitinda mimba wetu wa kiume, kama mila ya Kichagga inavyotaka, nami nikataka twende baraza la ardhi, maana sheria za 1999 zimempa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Dada akasema hatamshitaki mdogo wetu wakati udongo wa kaburi la baba bado mbichi. Nikamjibu neno ambalo sitaliandika hapa. Kwenye suala la kihamba bado naamini nilikuwa na haki. Lile neno ndilo sina cha kulitetea.

Nikawa nakimbia kila jioni, maana nikikaa ndani nilikuwa nalirudia lile neno kichwani. Ijumaa ya wiki ya mbio nikaenda kujiandikisha nusu marathoni.

Peni ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, ukiandika lazima uinamie upande mmoja. Jina, umri, saizi ya fulana, nikajaza haraka haraka. Halafu: mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura.

Mkono ukasimama. Mama hatukuwa naye tena, baba ndiyo hivyo, na mdogo wangu sikutaka hata kulitaja jina lake. Nikamfikiria jirani yangu wa mlango wa pili, mtu mwema kabisa. Lakini nikianguka kule juu, jirani akapigiwa, yeye atampigia nani? Atampigia dada. Nikamfikiria rafiki yangu wa kazini. Naye atampigia dada. Kila niliyemfikiria, njia yake iliishia kwenye mlango uleule. Namba ya dada nilikuwa nimeifuta kwenye simu kwa mkono wangu mwenyewe, lakini nilipoinama, vidole vikaanza kuiandika bila kuniuliza, tarakimu zote kumi.

“Dada, wenzako wanasubiri,” kijana wa mezani akaniambia. Palikuwa na kisanduku cha mwisho, uhusiano. Nikaandika: dada. Akanipa namba yangu na kuniambia ninakili jina lile na simu ile huku nyuma. Kwa hiyo nililiandika mara mbili.

Mbio zenyewe ni kilima tu. Unatoka mjini, unapanda barabara ya Mweka, unageuka, unashuka. Ila dada amejenga kwenye barabara hiyohiyo, na nilipofika kwake nilikuwa sina pumzi ya kuinua kichwa. Alikuwa amesimama kwenye ua wake na akina mama wa jirani, mkono mmoja jagi la maji, mkono mwingine jani la isale.

Kwetu isale hupandwa mpakani mwa kihamba. Ndilo jani hilohilo ambalo aliyekosa humpelekea aliyekosewa, limefungwa fundo, na ukiletewa isale hukatai. Mwenye kulipeleka nilikuwa mimi, si yeye. Lakini siku ya mbio watu hukata jani lolote lililo karibu ili kuwapungia wakimbiaji, na ua wa dada wote ni masale. Nikakodoa macho, jasho limeniingia, sikuona kama lilikuwa na fundo. Alinimiminia maji viganjani, akasema, “Kaza, juu si mbali.” Nikakaza. Nilipokuwa nashuka hakuwepo, jagi lilikuwa limetundikwa kwenye mti wa ua.

Mwaka ule tukarudi kusemeshana, kwanza kwa sababu ya harusi, kisha msiba, kisha mtoto huyu. Kihamba kiko kwa mdogo wetu hadi leo. Lile neno hatujaligusa, wala lile jani.

Mwanangu nilimjibu kwamba ile ndiyo namba pekee niliyokuwa naijua kwa kichwa. Akaridhika, akaondoka na pini zake. Jumapili tunapanda kwa Mama Mkubwa wake. Mara nyingi nimetoka nyumbani na swali la lile fundo, nikarudi nalo.