Saa nane na dakika kumi

Kijana aliyenifunga kile kipimo cha moyo alianza kwa kuninyoa. Viraka vitano kifuani, kwa wembe mkavu, kisha akavisugua kwa pamba yenye spiriti mpaka ngozi ikawaka. Akabandika stika tano zenye vifungo vya chuma, kila moja na waya wake, na nyaya zote zikaishia kwenye kidude kidogo kilichoning'inia kiunoni.

"Usioge mpaka kesho saa kama hii," akasema. "Ukisikia chochote, bonyeza hapa, halafu andika." Akanipa karatasi yenye safu tatu: saa, shughuli, dalili.

Nikamwambia nyaya zinanibana. Akacheka. "Kaka, kifaa cha kwanza cha namna hii alichotengeneza Norman Holter kule Marekani, miaka ya 1940, kilikuwa na kilo 38 hivi. Mtu anakibeba mgongoni. Shukuru." Nikashukuru.

Miezi saba nilikuwa nikiwaambia watu kwamba moyo wangu unaruka, maana sikuwa na neno jingine. Unakwenda vizuri, ghafla unanyamaza, halafu linakuja pigo moja zito kama mtu aliyepiga teke ukuta akiwa ndani. Tena kuna vidole: ganzi yenye vijisindano, na midomo nayo. Na miguu. Nyayo zilikuwa zikinichoma usiku kana kwamba nimekanyaga siafu. Kila niliyemweleza alisema ni presha, nami nikapima presha mpaka nikaona aibu kumrudia nesi. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, nilifanyiwa mara mbili, zote safi. Lakini ile ECG ya kawaida huchukua sekunde 10 tu, na moyo wangu ulikuwa na adabu sana mbele ya wageni. Ndiyo maana nikafungwa hicho kidude cha saa 24.

Mchana ulipita salama. Jioni nilikaa na binti yangu tukifanya hesabu za sehemu, na kwa jinsi alivyonisumbua na kile kigawe kidogo cha shirika, nikasahau kama nimefungwa nyaya.

Usiku ndio ukaja wenyewe. Nililala chali kama maiti, nikiogopa kung'oa stika. Likaja pigo moja. Kimya. Teke. Nikaanza kusikiliza, na anayejua habari hizi anajua kwamba ukishaanza kusikiliza umekwisha. Moyo ukashika mbio. Midomo ikaanza kufa ganzi, vidole vikafuata, kisha mkono wa kushoto ukajikunja wenyewe: gumba likaingia kiganjani, vidole vingine vikanyooka na kubanana, kama mtu anayetaka kuokota sindano sakafuni. Nilijaribu kuufungua kwa mkono wa kulia, haukufunguka.

Mke wangu aliamka akawasha taa ya simu.

"Umebonyeza?"

"Nimebonyeza."

"Basi andika."

Nikaandika: 8.10. Nakufa. Akaisoma ile karatasi, akanyamaza kidogo. "Umeijaza vibaya," akasema. "Hapo ni safu ya shughuli. Kwenye shughuli andika umelala."

Nilicheka, na nikicheka hivyo mkono ukaachia kidogo. Sikulitilia maanani wakati ule. Mpaka kunakucha nilikuwa nimebonyeza mara 11.

Siku ya tatu nikaitwa na daktari, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliniuliza kwanza kama nimewahi kuzimia, kama kifua kinabana nikipanda ngazi, kama kuna ndugu yetu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana. Hapana zote tatu. Ndipo akafungua majibu. Moyo ulikuwa umepiga mara 97,000 na ushee, na mapigo 412 yalikuja kabla ya wakati wake. Pigo likiwahi, akasema, moyo hutulia kidogo baada yake, unajaa damu zaidi ya kawaida, na pigo linalofuata ndilo lile teke. "Kwa hiyo baba, haukuwa unasimama. Ulikuwa unajaza."

Halafu akakunja uso. "Ila sikuelewi. Umeandika saa nane na dakika kumi unakufa. Mimi hapa 08:10 naona moyo unapiga 66, umetulia kabisa."

Nikaitazama ile karatasi. Nikatazama skrini. "Daktari, hiyo ni saa nane ya usiku. Yako hiyo ni saa mbili asubuhi, nilikuwa napiga mswaki."

Alivua miwani akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akahamisha kila nilichoandika kwa saa sita, na hapo ndipo nikaacha kucheka mimi. Saa nane usiku moyo ulikuwa mbio kweli, 128 kwa dakika, lakini mbio za kawaida, za mtu aliyeogopa. Pigo la kuwahi lilikuwa moja tu, lile la mwanzo. Katika mibonyezo yangu 11, minane haikuwa na pigo hata moja lililowahi. Na mahali yalipojazana, zaidi ya 100 ndani ya dakika 40, palikuwa 16:40 hadi 17:20. Karatasi yangu hapo ilikuwa nyeupe. Zilikuwa hesabu za sehemu.

"Na mkono?" nikauliza, maana mkono si wa kufikirika.

Akaniambia nipumue haraka na kwa nguvu, yeye akitazama saa. Sikufikisha dakika mbili. Midomo ikaanza, vidole vikaanza, gumba likaanza kuelekea kiganjani mbele ya macho yake. "Basi. Sasa polepole." Akaeleza kwamba ukipumua hivyo unatoa hewa ya ukaa kupita kiasi, damu inakuwa na alkali zaidi, kalsiamu iliyo huru ndani yake inashuka, na neva zinashtuka zenyewe. Nilimwambia jirani alinishauri nipumulie ndani ya mfuko. Akakataa katakata; kama tatizo lingekuwa la moyo au mapafu kweli, mfuko ungenikosesha oksijeni.

Nilikuwa tayari nimeshika kofia niondoke, nimefurahi, nimeona yote ni woga. Akanirudisha kitini. Miguu, akasema, haifuati pumzi. Inawaka hata ukiwa umetulia. Karatasi ya damu ilionyesha tezi ya shingo nzima, potasiamu nzima, sukari sawa, lakini vitamini B12, ambayo neva huihitaji, iko chini. Akaniuliza ninatumia dawa gani. Nikataja omeprazole ya kiungulia kama anayetaja peremende. Miaka mingapi? Sita, na nilikuwa najinunulia mwenyewe. Inapunguza asidi ya tumbo, na bila asidi hiyo B12 haing'oki vizuri kwenye chakula. Akaniandikia sindano, akanionya kwamba neva hupona kwa miezi, si kwa siku, na pengine si zote.

Nikatoka. Vile viraka vitano vilikuwa vinaota nywele na kuwasha vibaya sana. Kwenye ngazi, ya tatu au ya nne, likaja: kimya, teke. Mkono ukaenda wenyewe mfuko wa shati kutafuta karatasi. Nilikuwa nimeiacha mezani kwa daktari.