Nyuzi 61

Bosi wangu wa kwanza alikuwa na kaunta buku la jalada gumu. Kila senti iliyotoka aliiandika ukurasa wa kushoto, na kila iliyoingia ukurasa wa kulia. Mwishoni mwa Aprili 2018 ukurasa wa kushoto uliongezewa mstari mmoja kwa wino wa bluu: "Marekani", na mbele yake 408,600. Hakuandika zaidi ya hapo. Aliyesababisha mstari ule ni mimi.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mmoja kabla, na sikuwa na kazi nyingine zaidi ya kutengeneza simu za watu. Mama, hivyo ndivyo sote tulivyomwita, alikuwa na kiwanda cha juisi ya zabibu pale Nkuhungu, Dodoma. Kiwanda ni neno kubwa. Vilikuwa vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, mashine moja ya kukamua, masufuria manne, jiko la gesi na meza ndefu ya kubandikia lebo. Msimu ukifika, zabibu zilishuka kwa kreti kutoka Mpunguzi na Hombolo, na kuanzia getini ulikuwa unakanyaga maganda yanayonata kwenye soli. Nilipewa kazi ya "mambo ya mtandao". Nikatengeneza tovuti, nikaweka picha za chupa, halafu nikakaa kusubiri wateja.

Hawakuja. Ukitafuta juisi ya zabibu Dodoma kwenye Google, tulikuwa ukurasa wa nne, chini hata ya mtu aliyeuliza kama zabibu zinaota Mwanza.

Ndipo nikajifunza habari ya linki, yale maneno ya kubonyeza kwenye tovuti moja yanayokupeleka kwenye tovuti nyingine. Nilimweleza Mama kwa mfano wa soko la Majengo. Mgeni akiingia sokoni akauliza juisi nzuri iko wapi, na wauzaji kumi wakanyoosha kidole kwenye kibanda kimoja, ataenda pale. Google nayo huhesabu vidole. Wazo hilo waliliweka kwenye maandishi Larry Page na Sergey Brin mwaka 1998 wakiwa wanafunzi wa Stanford: kila tovuti inayokuelekezea linki inakupigia kura, na kura ya tovuti yenye heshima ina uzito kuliko ya tovuti isiyojulikana.

Mama alisikiliza hadi mwisho, huku anafuta chupa.

"Na hao wauzaji wa kuninyooshea kidole," akauliza, "juisi yangu wameshaionja?"

"Hapana Mama. Tutawalipa."

Alicheka kidogo, akaendelea kufuta chupa. Nilidhani amenielewa.

Njia niliyoipata ni taarifa kwa vyombo vya habari. Hapa kwetu, ukisikia maneno hayo unaona karatasi yenye nembo juu, muhuri chini, na waandishi wanaisubiri nje ya ukumbi. Kumbe ng'ambo kuna kampuni zinazopokea taarifa yako kwa mtandao, na kwa malipo zinaisambaza kwenye mamia ya tovuti kwa mkupuo. Ndani ya taarifa unaweka linki ya kwako. Tovuti mia mbili, linki mia mbili. Niliona kama nimegundua mgodi.

Kifurushi kilikuwa dola 180. Nilikokotoa kwa bei ya dola ya wiki ile, nikamwonyesha. Yeye alikokotoa kwa chupa. Chupa ya juisi tuliuza 4,000, kwa hiyo ni chupa mia moja na ushee. Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akamwita mpwa wake mwenye kadi ya benki inayolipa mtandaoni.

Niliandika kwa Kiingereza, usiku kucha, kwa bando la usiku. Kichwa cha habari kilitangaza kwamba kiwanda chetu kinaleta mapinduzi katika juisi ya zabibu. Mapinduzi gani, sikusema, kwa sababu hayakuwepo. Maneno "juisi ya zabibu Dodoma" niliyapachika mara tano, na kila mara yalikuwa ya kubonyeza, yote yakikupeleka kwetu. Niliweka na nukuu ya Mama akisema "tunafurahi sana", maneno ambayo hajawahi kuyatamka maishani mwake. Yeye akifurahi husema "haya". Mwishoni nikaeleza kuwa tunapatikana Manispaa ya Dodoma, Tanzania. Jumanne ya tarehe 24 Aprili nikabonyeza kutuma.

Alhamisi yake ilikuwa Sikukuu ya Muungano. Sherehe za kitaifa zilikuwa hapa hapa, uwanja wa Jamhuri, na redio ya jirani ilikuwa juu. Rais Magufuli akatangaza kwamba Dodoma kuanzia siku ile ni jiji. Mtaa mzima ulipiga kelele. Bodaboda walipita wakipiga honi. Mama alitoka na kanga begani, akapiga vigelegele na majirani, akarudi ndani anatabasamu. Ndipo alipogeuka akanitazama.

"Ile karatasi ya Marekani uliandika nini? Jiji au manispaa?"

Niliwaandikia wale wa ng'ambo kuomba marekebisho. Walijibu kwa adabu zote kwamba wao wanaweza kurekebisha nakala iliyopo kwao, ila zilizokwisha kusambazwa haziko mikononi mwao tena. Maji yameshamwagika. Tulikuwa manispaa kwenye tovuti mia mbili, na jiji mahali pengine pote.

Ripoti ilikuja Ijumaa, PDF ndefu yenye safu za anwani: 212. Nilimbebea Mama laptopu hadi kwenye meza ya lebo ili tuzisherehekee pamoja. Tukafungua ya kwanza. Ilikuwa tovuti ya kituo cha televisheni cha mji fulani wa Nebraska. Juu kulikuwa na tangazo la magari ya mkopo, pembeni utabiri wa hali ya hewa, na chini kabisa, baada ya kushuka na kushuka, juisi yetu. Tukafungua ya pili: maneno yale yale, koma zile zile, mji mwingine. Ya tatu vilevile.

Mama hakuwa anasoma taarifa. Alikuwa anatazama pembeni.

"Nyuzi 61," alisema. "Mwanangu, hawa watu wanaishi vipi?"

Nikamweleza kuwa wenzetu wanapima kwa Farenhaiti, na kwamba nyuzi 61 zao ni baridi ya asubuhi ya hapa Dodoma mwezi wa saba. Akatikisa kichwa. Akauliza mtu wa huko, mwenye baridi yake, atafuata vipi juisi Nkuhungu. Nikasema si kwa ajili ya watu, Mama, ni kwa ajili ya Google. Nilijisikia nilivyokuwa nikilisema jambo hilo, na sikulipenda.

Mei ikapita. Ukurasa wa nne. Juni, ukurasa wa nne bado. Nikaanza kubonyeza zile anwani 212 moja moja, na nyingi zilishakufa. Tovuti zile zilikuwa zinafuta taarifa za watu baada ya wiki chache ili zipate nafasi ya nyingine. Zilizobaki nilizifungua upande wa msimbo, pale msomaji wa kawaida haoni, na karibu kila linki yetu ilikuwa na neno moja dogo limechomekwa: nofollow. Maana yake wakati ule ilikuwa unaiambia mashine ya kutafuta, linki hii usiihesabu. Alama hiyo ilikuwepo tangu 2005. Na miongozo ya Google yenyewe, niliyoisoma usiku ule kwa mara ya kwanza, ilikuwa imesema tangu Julai 2013 kwamba taarifa kwa vyombo vya habari zilizosambazwa na kujazwa maneno ya kubonyeza ya kulenga utafutaji ni moja ya mbinu za kughushi linki. Kwa miaka mitano mlango ulikuwa umefungwa na maandishi yamebandikwa juu yake. Nilikuwa nimelipa dola 180 kuubisha.

Kwa kweli nilikuwa na bahati. Wale walioweka nofollow walininusuru. Zingehesabiwa zote, maneno yale yale mara elfu moja na sitini, tungeweza kuadhibiwa na kutupwa nyuma hata ya huo ukurasa wa nne.

Usiku ule nilisoma pia habari za Ivy Lee, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa taarifa za namna hii. Mwaka 1906 aliiandikia kampuni ya reli ya Pennsylvania taarifa baada ya ajali ya treni kule Atlantic City, akawapelekea waandishi. Lakini treni ilikuwa imeanguka kweli. Mimi niliandika taarifa na hakuna kilichoanguka.

Agosti, zabibu za mkupuo wa pili zikaanza kuiva. Upepo wa Dodoma mnaufahamu; vumbi lilikuwa linaingia hadi kwenye kibodi. Kulikuwa na mwandishi wa gazeti aliyekuwa anakuja kunywa juisi kwa Mama siku Bunge halikai, kaka mmoja mtulivu mwenye shati la mikono mirefu hata jua likiwaka. Nikampa karatasi yangu, safari hii kwa Kiswahili. Aliisoma akiwa amesimama.

"Mdogo wangu, hii inamhusu nani?"

"Kiwanda chetu, kaka."

"Hilo nimeliona. Nakuuliza msomaji wangu wa Kibaigwa, mwenye mahindi yake, imwingie kwa lipi?"

Sikuwa na jibu. Mama ndiye aliyejibu, wala hakuwa anamjibu yeye. Alikuwa anagombana na dereva aliyeleta kreti kumi na tano badala ya nane. Dereva anajitetea: wanunuzi wakubwa wameshajaza matangi, wakulima wamebaki na zabibu shambani, amewaonea huruma akabeba zote. Mama akasema weka chini, nitalipa nusu leo nusu wiki ijayo, kama nilivyofanya mwaka jana na juzi. Kaka yule akatoa kalamu.

Siku tatu baadaye walienda na Mama hadi Mpunguzi. Mimi nilibaki na kazi aliyoniachia yule mwandishi: aliniuliza maswali saba, na alitaka majibu ya namba. Kilo ngapi za zabibu kwa lita moja ya juisi? Makapi yanaenda wapi? Zabibu ikikatwa leo isipokamuliwa, inakaa siku ngapi juani? Nilichukua mzani wa Mama, nikapima kreti baada ya kreti. Tulipata karibu kilo moja na nusu kwa lita, pungufu kidogo kwa zabibu nyeupe. Nikayaandika yote kwenye ukurasa mmoja wa tovuti ili nimtumie anwani yake badala ya kuandika meseji ndefu. Hata kichwa cha ukurasa sikukifikiria; kilikuwa "Namba za zabibu".

Habari ikatoka. Nzuri, yenye picha ya kreti na ya mkulima aliyekunja mikono. Kiwanda kilitajwa aya ya sita. Nikakimbilia toleo la mtandaoni: hakuna linki. Hata moja. Nikapiga simu chumba cha habari, nikaunganishwa na mtu aliyenieleza bila kupepesa kwamba linki ya biashara ni tangazo, na matangazo yana ofisi yake na bei yake. Bei yenyewe ilikuwa zaidi ya ile ya Marekani. Nikashukuru, nikakata. Mama hakuulizia linki. Alikata ile habari gazetini kwa mkasi wa lebo, akaibandika ukutani juu ya jiko la gesi, na mvuke ukaanza kuikunja siku hiyo hiyo.

Oktoba nilikuwa natazama ripoti ya Google inayoonyesha nani amekuelekezea linki. Kulikuwa na mstari mpya. Taasisi moja ya kilimo yenye ofisi zake Morogoro ilikuwa imeandika kuhusu mazao yanayoharibika baada ya mavuno, ikaitaja ile habari ya gazeti, halafu kwenye sentensi moja ikaelekeza kwenye "Namba za zabibu". Hawakutuuliza, wala hatukuwajua. Maneno ya kubonyeza yalikuwa "vipimo hivi". Niliufungua msimbo nikatafuta neno nofollow, nikalikosa, nikatafuta tena.

Ukurasa wa kwanza hatukufika. Tulifika wa pili, mwezi ule wa Novemba, na tulikaa hapo.

Simu iliyopigwa kwa sababu ya ile linki niliipokea mimi. Mama mmoja anayefuga nguruwe, njia ya kwenda Chamwino, amesoma kwenye Google kwamba tuna makapi ya zabibu na kwamba tunalipa mtu kuyatupa. Anaomba ayachukue yeye. Nikasema ngoja. Nikamweka Mama kwenye simu. Waliamkiana kwa Kigogo, mbukwa ya hapa na mbukwa ya kule, wakaulizana ukoo, na baada ya dakika ishirini makapi yaliyokuwa yanatugharimu yakawa na bei.

Alikuja na bajaji ya mizigo Jumamosi, akapakia viroba vyote na kuacha 30,000 mezani. Mama alizihesabu, akafungua kaunta buku, akalamba kidole akitafuta ukurasa. Aliandika kulia: "Makapi". Akafikiri kidogo, kalamu imesimama hewani.

"Hii niiandike imetoka wapi?" akaniuliza. "Google, au Chamwino?"