Kalamu za kuchorea kwenye tableti: achana kwanza na 8192

Maboksi ya kalamu hizi hujigamba kwa ngazi za mgandamizo, yaani viwango vya nguvu ya mkono ambavyo kalamu huweza kutofautisha: hii 4096, ile 8192. Kwenye mchoro tofauti hiyo huioni. Unachokiona ni mstari unaotetemeka, au mstari unaogoma kuanza mpaka ukandamize, na hayo kwa sehemu kubwa huamuliwa na teknolojia iliyomo kwenye tableti. Jua kwanza tableti inatumia mfumo gani, kalamu ifuate.

Zenye ncha ya mpira au kisahani cha plastiki tuzimalize haraka. Hizo ni kidole tu: tableti haijui kama imeguswa na kalamu au kiganja, na taarifa ya mgandamizo hakuna. Zinafaa kubofyea.

EMR ni mfumo wa sumakuumeme wa kampuni ya Wacom, na ndio ulio kwenye S Pen za Samsung tangu Galaxy Note ya 2011. Nyuma ya skrini kuna bodi inayorusha mawimbi ya sumakuumeme. Koili ndani ya kalamu huitikia, na bodi husoma jibu lake. Kalamu hupata umeme humohumo, kwa hiyo haihitaji betri ili ichore. Hata S Pen zenye Bluetooth zikiisha chaji zinaendelea kuchora. Adui wake ni sumaku: kava lenye sumaku likikunjwa nyuma ya tableti linaweza kupindisha mstari au kuacha eneo ambalo kalamu haisomeki. Kwenye kingo pia alama inaweza kuhama kidogo kutoka ncha ilipo. Na usidhani kila EMR inaelewana na nyingine. Kalamu ya Wacom Intuos haichori kwenye tableti ya Samsung.

Kundi la tatu ni Apple Pencil ya iPad, na kalamu za mifumo ya MPP ya Microsoft, AES ya Wacom na USI (kiwango cha pamoja cha kampuni mbalimbali). Hapa kalamu ina umeme wake na hurusha ishara kutoka nchani, ikapokewa na nyaya zilezile nyembamba zinazosoma kidole. Bodi ya pili haihitajiki. Lakini nyaya hizo zimeachana kwa milimita kadhaa, na ncha ikiwa katikati yake, mahali ilipo hukadiriwa kwa hesabu. Ukichora kwa kasi kosa halionekani. Ukivuta mshazari polepole, mstari unafanya mawimbi. Katika kundi hili Apple Pencil ndiyo naiamini zaidi. Nyingine zijaribu kabla ya kulipa.

Jaribio lenyewe ni hili. Zima ulainishaji wa mistari kwenye programu ya kuchora, chagua brashi ya pikseli 3 hadi 5, laza rula ya plastiki kwenye kioo kwa mshazari (ya chuma huvuruga usomaji), kisha vuta mstari kwa mwendo wa sentimita 2 hivi kwa sekunde. Chora mingine kadhaa kwa nafasi ya sentimita 1. Mawimbi yakijirudia kwa umbali uleule, hizo ni nyaya za skrini. Yasipokuwa na mpangilio, ni mkono wako.

Halafu shika kalamu kwa wepesi, karibu na mwisho wake, uiburuze kwa uzito wake tu. Isipoacha alama yoyote, vivuli vyepesi vitakutesa.

Kwenye iPad kuna mtego mmoja. Apple Pencil ya USB-C ya 2023 na Logitech Crayon hazisomi mgandamizo, na kalamu nyingi za bei ya chini ziko hivyohivyo. Zinasoma mwinamo, basi ukiilaza kalamu kivuli kinapanuka na unaona kila kitu kipo. Jaribu kukandamiza kalamu ikiwa wima: mstari usiponenepa, mgandamizo haupo.

Apple Pencil ikianza kurukaruka, kaza ncha kabla ya kulaumu betri. Huwa inalegea yenyewe. Ncha za EMR huchomolewa kwa kibano na mpya ikasukumwa ndani. Filamu ya kioo yenye mguso wa karatasi hula ncha haraka, kwa hiyo badilisha pale upande mmoja unapokuwa bapa wenye ukingo mkali. Na kalamu inayotumia betri ya AAAA, ukiiweka kwa miezi, toa betri; ikivuja ndani huozesha viunganishi.