Gampel Pavilion, alikopikwa Hasheem

Watu wengi hapa Dar wanaanzia habari za Hasheem Thabeet Juni 2009, Memphis Grizzlies walipomchukua namba 2 kwenye drafti ya NBA, pale timu za ligi kuu ya kikapu Marekani zinapochagua wachezaji wapya. Mimi napenda kurudi nyuma kidogo, miaka yake mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, na hasa jengo alilokuwa anachezea: Gampel Pavilion. Sijawahi kulikanyaga. Mke wangu anasema mtu kupenda ukumbi wa ng'ambo kiasi hiki ni ugonjwa.

Lipo Storrs, shamba kabisa. Chuo chenyewe kilianza 1881 kama shule ya kilimo na mpaka leo kinafuga ng'ombe. Mtoto wa Dar, aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, akatupwa huko kwenye theluji! Halafu Januari 2009, dhidi ya Providence, akatoka na pointi 15, ribaundi 11 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) na bloku 10 (mitupo ya wapinzani aliyoizuia). Bloku kumi, jamani.

Gampel ilifunguliwa tarehe 27 Januari 1990 kwa mechi na St. John's, na wenyeji wakashinda. Kabla ya hapo timu ilibanana Greer Field House, ukumbi wa miaka ya 1950. Kocha Jim Calhoun, aliyefika 1986, alikuwa ameshabeba kombe la NIT, mashindano ya vyuo vya Marekani, mwaka 1988, kwa hiyo ukumbi mpya ulikuta timu imeanza kuchachamaa. Jina ni la Harry Gampel, mhitimu wa chuo hicho aliyetoa dola milioni 1.

Kinachonivutia zaidi ni paa. Ni kuba, halina nguzo hata moja ya kumziba mtu, na kelele zikipanda juu zinarudi kuwaangukia wachezaji. Mechi ikianza kule saa moja usiku, msimu wa baridi, huku ni saa tisa usiku. Naweka spika za masikioni, bado nahisi kama nitaamsha nyumba nzima. Mwanzoni viti vilikuwa 8,000 na ushee, wakaongeza 1996 vikapita 10,000. Hakuna zaidi ya hapo, na mimi naona ndiyo siri yake. Ukumbi wa watu 20,000 wenye viti vitupu hautishi mtu.

Halafu wanawake wanacheza hapo hapo. Msimu huo huo wa 2008–09, kina Maya Moore walimaliza mechi 39 bila kupoteza, chini ya kocha wao Geno Auriemma. Bendera za ubingwa zinaning'inia pamoja: 6 za wanaume, 12 za wanawake. Huku nimeona fainali ya kina dada ikipangwa saa nane mchana, jua la utosi, wanaume wakingoja kivuli cha jioni.

Usidhani paa hilo halikuwasumbua. Upande wa ndani ulichakaa, na mwaka 2017 waliukarabati kwa takriban dola milioni 10. Sisi hatujafika huko. Pale JMK Park, Kidongo Chekundu hapa Dar, viwanja vya kikapu ni vizuri lakini viko wazi, na masika ikikolea ratiba inaliwa na mvua. Kama kuna mdau anataka jina lake liandikwe ukutani kama Gampel, asihangaike na viti vya kifahari. Aanze na mabati, taa na sakafu isiyoteleza. Viti tutakuja navyo.